Nimeundiwa bunduki ya mamilioni, risasi zake sizipati, na wakala bado anadai salio

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa Dodoma, na naandika kwa hasira, kwa hiyo anayetafuta maneno laini apite tu.

Mezani hapa nina risasi sita. Ndizo zilizobaki katika pakiti ya ishirini iliyokuja na bunduki niliyoundiwa kwa vipimo vyangu mwenyewe: kitako kilichokatwa kwa urefu wa mkono wangu, mtutu wa inchi 26, na darubini ambayo bei yake mama watoto hadi leo hajaambiwa. Kumi na nne niliziteketeza katika kurekebisha shabaha. Hizi sita zikiisha, nitabaki na rungu la bei mbaya kuliko marungu yote ya mkoa huu.

Risasi yenyewe ni .300 PRC (namba hiyo ni kaliba, yaani kipenyo kwa takriban sehemu za inchi), na sikuichagua mimi. Nilimwendea wakala anayefanya kazi na fundi wa nje, nikamweleza kwa kinywa changu kwamba nataka bunduki moja ya kuwindia kongoni, pofu na tandala kwa leseni ya mkazi, kwamba mara nyingi nawinda upande wa Manyoni, na kwamba siku nitakayopiga mbali sana, pale penye mbuga ya wazi, itakuwa mita 300. Hakuniuliza swali hata moja. Alitoa simu, akanionyesha jedwali la mita 1,000, akanisomea takwimu kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe, kisha akatamka sentensi ambayo ndiyo imenifikisha hapa: "Mzee, hii inaangusha kila kitu."

Haiangushi kila kitu. Nyati, kwa utaratibu wa uwindaji wa nchi hii, hapigwi kwa kaliba iliyo chini ya .375, hata jedwali liseme nini. Na huko Manyoni anakokuonea mita 1,000, mwenye kukijua kichaka cha Itigi atacheka mpaka akae chini: mnyama unamsikia kabla ya kumwona, na ukimwona mko hatua thelathini, huku mtutu wako wa inchi 26 umenasa kwenye matawi. Hata kwenye miombo inayopakana na mapori ya akiba ya Rungwa na Kizigo, anayepata nafasi safi ya mita 150 anashukuru Mungu.

Naomba nieleweke vizuri. Sisemi risasi hiyo ni mbovu. Iliingizwa sokoni na Hornady ya Marekani mnamo 2018, na imeundwa ibebe kichwa kirefu na kizito ambacho upepo hukisumbua kidogo. Ile ya greni 212 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa) hutoka mtutuni kwa takriban mita 870 kwa sekunde, na faida yake huanza kuonekana kweli baada ya mita 600. Mtu anayepiga shabaha za chuma jangwani ataipenda. Mimi je? Risasi ya .300 Winchester Magnum, iliyopo tangu 1963, hutoa kichwa cha greni 180 kwa takriban mita 900 kwa sekunde, na ukirekebisha shabaha yake kwa mita 200, kwenye mita 300 itakuwa imeshuka kama sentimita 20. Kongoni hatajua tofauti. Hata ile .30-06 ya 1906, ambayo wakala aliiita ya wazee, ingenitosha kwa karibu kila mnyama niliyemtajia.

Sasa sikilizeni ya dukani. Nimezunguka Dodoma, nikateremka Dar es Salaam, nikiwa na risasi moja ya mfano na karatasi zangu zote za leseni. Duka la tatu, muuzaji, kijana mwenye adabu, aliichukua, akaigeuza vidoleni, akaipangusa kitako kwa kitambaa ili asome maandishi, akaingia ndani na kurudi na pakiti ya .300 Win Mag. "Mzee, si ni 300 tu?" Nikazisimamisha mbili zile kwenye kioo cha kaunta. Kweli, kipenyo cha kichwa ni kilekile, na kitako cha ganda kinakaribiana kiasi cha kumdanganya mtu. Lakini ile ya Winchester ina mkanda wa shaba pale chini na ganda la milimita 66.5, yangu haina mkanda, ganda lake lina milimita 65.5 na mabega yaliyokaa kwingine, ilhali kwa ujumla risasi yangu ndiyo ndefu zaidi kwa sababu kichwa kimechomoza. Chemba, yaani sehemu ya mtutu inapokaa risasi, huchongwa kwa ganda moja. Kusukumia humo ganda la jirani yake ni kuchezea macho yako mwenyewe. Yule kijana alinyamaza, akaitazama tena, akasema hajawahi kuiuza wala kuiona. Simlaumu hata kidogo.

Wapo watakaoniambia nijaze maganda mwenyewe nyumbani, kama Wamarekani wafanyavyo kwenye gereji zao. Hapa, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haimwachii mtu kujitengenezea risasi jikoni bila kibali, na mimi sina umri wa kuanza kujieleza kituoni kwa sababu ya baruti.

Nilipomrudia wakala alijibu kwamba mteja ndiye aliyesaini. Ni kweli nilisaini. Lakini mimi nilimlipa kwa ujuzi wake, na swali la kwanza la mtu anayemchagulia mwenzake risasi lilipaswa kuwa: utainunua wapi? La pili: unawinda porini gani? Mambo ya kasi na upepo yangefuata. Yeye alianzia mwisho, akaishia hapohapo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ilikuwamo ndani ya bunduki yenyewe. Mwili wa bunduki uliotengenezwa kupokea risasi ya urefu wa milimita 94 hauoni shida kuipokea .375 H&H Magnum ya 1912, yenye milimita 91, na uso wa bolti, yaani pale panaposhika kitako cha ganda, ni wa kipimo kilekile. Angenipa hiyo tangu mwanzo, ningewinda nyati na pofu kwa silaha moja, teke lake begani ningelivumilia, na risasi zake wawindaji wa nchi hii wanazijua. Sasa natakiwa kulipia mtutu mpya, magazini huenda ikahitaji kurekebishwa, na kwa kuwa leseni yangu imeandikwa .300 PRC, nirudi polisi nikaanze maombi upya.

Msimamo wangu ni kwamba gharama ya mtutu ni yake, na salio silipi mpaka hilo litimie. Kama kuna mkuu humu aliyewahi kubadilisha mtutu kupitia fundi mwenye kibali, anieleze alianzia polisi au kwa fundi, na ilimchukua muda gani.

Jana jioni ameniandikia: "Mzee, salio lini?" Nimempigia picha zile risasi sita nikamtumia. Ameiona, hajajibu.