Thamani ya fidla ya zamani: fundi, mnada au mthamini wa bima?

Mrithi_wa_Nyuzi
Habarini wakuu. Mjomba katuachia fidla, na familia inataka kujua thamani yake kabla ya kugawana mirathi. Ukichungulia kwenye tundu lenye umbo la f unaona karatasi: "Antonius Stradivarius Cremonensis Faciebat Anno 1721". Ubao wa nyuma una ufa. Nimpelekee fundi ambaye pia huuza, niende kwenye mnada, au nimlipe mthamini wa bima? Nani atanipa bei ya kweli?

Zeze
Pole kwa msiba, ndugu. Karatasi hiyo usiipe uzito. Stradivari, fundi maarufu wa fidla wa Cremona, Italia, ambaye jina lake kwa Kilatini ndilo hilo, alifariki 1737 na fidla zake zilizosalia ni kama 500. Lakini karakana na viwanda vya Mirecourt (Ufaransa), Mittenwald na Markneukirchen (Ujerumani) vilibandika jina lake kwenye maelfu ya fidla karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, maana yake mara nyingi ikiwa tu kwamba umbo limefuata lake. Angalia kama pameandikwa pia jina la nchi kwa Kiingereza. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa za kigeni zionyeshe zilikotoka, kwa hiyo alama hiyo kwa kawaida ni ya miaka ya baada ya hapo.

Bi_Nota
Mimi nitajibu swali la bei. Fidla moja ina bei tatu na zote ni za kweli. Mthamini wa bima anaandika gharama ya kununua nyingine kama hiyo dukani. Hiyo ndiyo ya juu. Mnadani unapata bei ya nyundo, yaani ile ya mwisho dalali anapogonga nyundo, baada ya kukatwa kamisheni yake. Tena angalia matokeo yanayotangazwa: mara nyingi yamejumuisha ada anayolipa mnunuzi, na muuzaji haioni hata senti yake. Fundi akinunua mwenyewe atashusha, kwa kuwa ataitengeneza na kukaa nayo. Akiiuza kwa niaba yako utasubiri sana, ila huenda ukapata zaidi.

Ninyi mnagawana mirathi, kwa hiyo msitumie bei ya bima. Atakayechukua fidla kwa hesabu hiyo, na wenzake wakachukua fedha taslimu, atakuwa amepunjwa.

Kijiti_cha_Ndani
Naongezea la ufa, maana ndio wenye uamuzi hapa. Uko wapi hasa? Ndani ya fidla kuna kijiti kinachobeba msukumo kutoka ubao wa mbele hadi wa nyuma. Ufa ukipita pale kijiti kinaposimama kwenye ubao wa nyuma, unaweza kukata nusu ya thamani hata ukizibwa vizuri. Ukiwa pembeni, hasara ni ndogo zaidi. Tafadhali usiuzibe kwa gundi ya kawaida. Mafundi hutumia gundi ya ngozi kwa sababu inafunguka tena. Na usifute vanishi kwa spiriti.

Mrithi_wa_Nyuzi
Asanteni sana. Mwalimu mmoja aliipiga akasema sauti ni tamu mno. Hilo haliongezi kitu?

Zeze
Kwa mpigaji, linaongeza sana. Sokoni, kidogo. Mwaka 2010 huko Indianapolis wapigaji 21 walijaribu fidla mpya na za kale wakiwa wamefunikwa macho. Wengi walichagua mpya, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa Stradivari. Mwaka uliofuata fidla ya Stradivari iitwayo "Lady Blunt", ambayo kweli ni ya 1721, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 15.9. Kinachonunuliwa ni mkono wa aliyeitengeneza na hali ya chombo.

Upinde_Kwanza
Mbona hakuna aliyeuliza upinde? Upinde mzuri unaweza kuipita fidla kwa thamani. Tafuta muhuri wa jina juu ya sehemu ya kushikia. Kama ni mti wa pernambuco, mti wa Brazil unaotumika kwa pinde bora, kumbuka uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2007, kwa hiyo ulizia vibali kabla ya kuuvusha mpaka.

Bi_Nota
Kweli kabisa. Basi anza na mnada: nyumba nyingi huangalia picha bila malipo. Piga mbele, nyuma, ubavu, kichwa na ufa, kisha pima urefu wa ubao wa nyuma. Wakiiona ya kawaida, fundi anatosha, ila anayetaja bei asiwe ndiye anayetaka kuinunua. Wakishtuka, hapo ndipo ulipie cheti cha mtaalamu na kipimo cha pete za mti, kinachoonyesha ubao ni wa miaka gani. Kipimo hicho hakitaji fundi, lakini kikionyesha mti ulikuwa bado unakua baada ya 1737, jina la Stradivari limeondoka.

Mrithi_wa_Nyuzi
Nimeangalia sasa hivi: ufa unapita karibu kabisa na kijiti, na upinde una muhuri uliofutika nusu. Picha za vyote viwili nazituma kesho.