Tasnifu: mada ninayo, lakini sijui pa kuanzia

Muulizaji
Wakuu, habari za leo. Nipo mwaka wa mwisho, shahada ya kwanza. Tasnifu ni ya maneno 10,000 na imebaki miezi saba kabla ya kuikabidhi. Mada niliyojaza kwenye fomu ni "Athari za mitandao ya kijamii kwa wanafunzi wa chuo kikuu". Nimeshapakua makala zaidi ya 60, lakini kila nikikaa kuandika utangulizi sivuki aya ya pili. Nimwone msimamizi sasa hivi, au nisubiri hadi sura ya kwanza ikamilike? Na sampuli ya watu wangapi inatosha?

Jibu la 1
Mkuu, hiyo bado si mada, ni eneo, na ndiyo maana utangulizi unakwama. Athari zipi: usingizi, alama za mitihani, matumizi ya pesa, upweke? Wanafunzi wa mwaka gani? Kila neno usilolibana linakuletea makala nyingine 60.

Libane hivi: "Je, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaoperuzi mitandao wakiwa kitandani hulala saa chache kuliko wasiofanya hivyo?" Hapo tayari unajua utapima nini, utamuuliza nani, na matokeo gani yatakukatalia dhana yako. Kuna njia ya kulijaribu swali: andika majibu mawili yanayopingana, sentensi moja moja. Kama jibu moja tu ndilo linaloingia akilini, basi hilo ni tamko, umeliwekea tu alama ya kuuliza.

Utangulizi uache kwa sasa, maana unajaribu kutambulisha kazi ambayo haijazaliwa. Anza na sura ya mbinu. Ndiyo rahisi kuliko zote kwa sababu unaeleza utakachofanya, kwa nani, kwa chombo gani.

Kwa msimamizi nenda wiki hii, tena bila sura yoyote. Mpelekee ukurasa mmoja: swali lako, sentensi tatu za kwa nini linafaa kuulizwa, makala tano zilizo karibu nalo zaidi na kila moja imeacha nini, data utaipata wapi, na jambo moja linalokutia wasiwasi. Mtumie siku tatu kabla ya kikao. Mkishamaliza, mwandikie siku hiyohiyo barua pepe fupi ya mliyokubaliana, kwa sababu baada ya wiki sita kila mmoja atakumbuka la kwake.

Jibu la 2
Niongezee kuhusu hizo makala 60. Usizisome kuanzia mwanzo hadi mwisho. Soma ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo wa makala), ruka hadi hitimisho, kisha rudi kwenye mbinu. Ukishalibana swali, zitabaki kama 15 za kusomwa kwa makini.

Kila unayoisoma iingize kwenye jedwali: mwandishi na mwaka, swali lake, aliwahoji nani na wangapi, alipimaje, alipata nini, kasoro, na utaitumia wapi. Safu ya "alipimaje" ndiyo yenye dhahabu. Mapitio mengi (sura inayoeleza tafiti za wengine) yanaharibika kwa kuwa yanakwenda "huyu alisema hivi, yule akasema vile" kurasa kumi mfululizo. Panga kwa hoja: nani wanakubaliana, nani wanapingana, na wanapingana kwa nini. Mara nyingi utakuta mmoja aliwauliza watu wanalala saa ngapi, mwingine aliwavisha kifaa cha kupima usingizi mkononi. Pengo lako la utafiti linachomoza hapo.

Marejeleo yaweke kwenye Zotero tangu leo; ni programu ya kutunza na kupanga marejeleo, na ni bure. Ila kagua kila kinachoingia, maana mara nyingi mwaka unakosekana au jina linakuja lote kwa herufi kubwa. Na ukinakili sentensi ya mtu kwenye daftari lako, weka alama za kunukuu na namba ya ukurasa palepale. Wizi wa kitaaluma usiokusudiwa huanzia kwenye daftari: miezi mitatu baadaye sentensi ile unaiona kama yako.

Jibu la 3
Kuhusu sampuli: fomula inayotumika sana ni ya Yamane, n = N ÷ (1 + N × e²): n ni sampuli, N ni idadi ya wanafunzi wote unaowachunguza, e ni kosa unaloruhusu. Wanafunzi wakiwa 1,200 na kosa unaloruhusu likiwa 0.05, chini unapata 1 + 3 = 4, hivyo sampuli ni 300. Ukitarajia watu 6 tu kati ya 10 kujibu, itabidi ugawe madodoso 500.

Lakini namba hiyo ina maana pale tu wahojiwa wanapochaguliwa kwa nasibu. Ukitupia kiungo kwenye kundi la WhatsApp, watakaokimbilia kujibu ni wale wasiobanduka kwenye simu, na wewe unachunguza matumizi ya simu! Hata majibu 1,000 hayataondoa upogo huo, yaani kuegemea upande mmoja. Omba orodha ya wanafunzi, iweke kwenye Excel, mbele ya kila mmoja weka namba nasibu, panga upya kwa namba hizo, chukua 500 wa mwanzo. Kama 300 hawafikiki, zungumza na msimamizi mapema kuhusu sampuli ndogo au usaili wa kina. Usije ukaanza kuwajazia watu madodoso.

Usikusanye chochote kabla ya kibali cha maadili (ruhusa rasmi ya kufanya utafiti kwa watu), kwani data ya kabla ya kibali inaweza kukataliwa yote. Wakati unakisubiri, jaribu dodoso kwa watu 10 walio nje ya sampuli. Utakamata maswali kama "Je, simu inakuchosha na kukunyima usingizi?" Mtu akijibu ndiyo, amekubali lipi? Yagawe mawili.

Muulizaji
Asanteni sana. Nimeandika upya: "Je, kuperuzi mitandao kitandani kunasababisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kulala saa chache?" Na hizo wiki 30 nizigaweje?

Jibu la 1
Umesogea vizuri. Ondoa "kunasababisha". Dodoso la mara moja haliwezi kuonyesha sababu. Huenda aliyekosa usingizi ndiye anayeshika simu. Andika "kunahusianaje na saa za kulala za wanafunzi wa mwaka wa kwanza".

Wiki hesabu kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kukabidhi: 3 za kusahihisha na kupanga marejeleo, 7 za kuandika, 4 za uchanganuzi, 5 za kukusanya data, 4 za kibali na majaribio ya dodoso, 5 za kusoma huku ukiandika mbinu, 2 za swali na ule ukurasa mmoja. Kibali ndicho kinachochelewa zaidi, kwa hiyo fomu yake iombe hata kabla hujamaliza kusoma.

Maneno nayo: utangulizi 1,000, mapitio 2,500, mbinu 1,500, matokeo 2,000, mjadala 2,200, hitimisho 800. Mapitio yakivuka 3,000, kata. Yakiachiwa hula nafasi ya mjadala, na mjadala ndipo msahihishaji anapotafuta fikra zako.