Tupeane uzoefu: Wanandoa mnaosali, mlijifunzaje kuridhika na mlicho nacho?

Bwana asifiwe wapendwa. Ndoa yetu ina miaka 11, watoto wawili, nyumba ya kupanga hapa Umoja, Nairobi. Jumapili iliyopita marafiki zetu walitoa ushuhuda kanisani: wamehamia kwao Kitengela, nyumba yao wenyewe, geti na mti wa maembe. Tulipiga makofi. Tukapanda matatu, na pale City Stadium nikashusha pumzi nikasema, "Wenzetu wanaomba wanajibiwa." Mume wangu akatazama nje hadi Mutindwa.

Usiku ilikuwa zamu yake kuomba. Akashukuru kwa chakula, akaombea watoto, kisha akasema polepole, "Baba, nisaidie mke wangu asinionee haya." Akamalizia Amina, akaenda kuzima taa ya jikoni. Mimi nikabaki nimepiga magoti.

Tangu hapo nimekwama kwenye Wafilipi 4:11, "nimejifunza kuwa radhi". Paulo anasema amejifunza, tena anaandika akiwa kifungoni. Basi kuna darasa mahali, na mimi sijui mlango wake. Nyinyi mliojifunza, mlifanyaje? Tafadhali msiniambie tu "mtangulize Mungu". Nimemtanguliza. Nipeni kisa.

*

Fundi wa Rongai:

Dada, mimi nilifundishwa na corona. Machi 2020 ilipowekwa kafyu ya saa moja jioni, kazi za kuchomelea zilikauka. Ikawa tuko ndani sote mapema, na kwa kukosa la kufanya tukaanza ibada ya jioni. Mimi nilikuwa naomba kama niko mkutano wa injili, sauti juu, mistari mingi. Siku ya nne mke wangu akaniuliza, "Baba Junior, unamhubiria nani? Tuko wawili."

Nilikasirika. Lakini siku iliyofuata sikuwa na mistari, nikajikuta namwambia Mungu ukweli: nina mikopo mitatu ya simu, moja nimeichukua kulipa nyingine, na mke wangu hajui. Nilifumba macho kwa nguvu kama mtoto anayengoja kuchapwa. Kimya. Kisha nikasikia anaendelea na maombi pale nilipoachia, akitaja jumla ya pesa. Alikuwa ameziona jumbe kitambo.

Tulilipa kwa miezi 14. Nyama ilikuwa Krismasi. Ukiniuliza mwaka niliokuwa na amani na mke wangu, nitakwambia ni ule.

*

Mama Mapacha, Githurai:

Mimi kosa langu lilikuwa kusali kupita kiasi, mkitaka kucheka chekeni. Kesha kila Ijumaa, maombi ya asubuhi Jumatano, mfungo wa siku tatu kila mwezi. Niliomba Mungu abadilishe mume wangu awe mtu wa kuongea nami. Na huku yeye anarudi kazini anakuta githeri kwenye hotpoti na karatasi, "Niko kesha."

Shosho mmoja wa kikundi chetu cha akina mama alinishika mkono mlangoni, akanifungulia 1 Wakorintho 7:5. Someni wenyewe. Paulo anaruhusu watu watengane kwa ajili ya kusali, lakini wawe wamepatana, na iwe kwa muda. Shosho akaniuliza, "Mlipatana?" Nikasema yeye si mtu wa kiroho sana. Akasema, "Sijauliza hilo."

Sasa ni kesha moja kwa mwezi, na yeye ndiye hunisindikiza hadi stejini. Anaongea njia nzima! Kumbe alikuwa na maneno, hakuwa na mtu nyumbani.

*

Msabato na Mkatoliki:

Yetu ni fupi. Mimi nasali Jumamosi, mume wangu Jumapili. Miaka mitano ya mwanzo kila mmoja alimwombea mwenzake aongoke. Tulichoka. Siku hizi Ijumaa kabla jua halijazama ameshanipigia pasi nguo na sufuria zote zimeoshwa, maana anajua Sabato ikiingia sishiki kazi. Nami mwezi wa Oktoba jumuiya ikija kwetu kusali Rozari, napika chai ya watu 20 na kukaa nao sebuleni. Sijaongoka, naye hajaongoka. Chai ni nzuri.

*

Sitaji Jina:

Naomba niharibu ladha kidogo. Hili neno kuridhika lilinitesa. Mume wangu alificha mshahara miaka yote. Nikiuliza karo, ananisomea Waebrania 13:5, "mwe radhi na vitu mlivyo navyo." Nikiwaendea viongozi, naambiwa mwanamke mwenye hekima havunji nyumba yake. Nikauza mitumba Gikomba na mimba ya miezi minane, nikiridhika.

Siku moja nikausoma mstari wenyewe kutoka mwanzo. Unaanza: "Msiwe na tabia ya kupenda fedha." Yeye alikuwa anaanzia katikati! Jioni alipouanza, nikamwambia rudi nyuma kidogo, soma na hiyo. Hakuusoma tena nyumbani kwangu. Ilichukua wazee wa pande zote mbili na kikao kirefu, lakini karo sasa analipa. Bado tuko pamoja. Sisemi tumefika.

*

Mwenye uzi:

Sitaji Jina, asante, na hujaharibu ladha. Niliuliza kuhusu kuridhika na nyumba ya kupanga, sikuuliza kuhusu kuridhika na kunyanyaswa, na naona tumezoea kuyaweka kwenye kapu moja. Anayesoma hapa na anapigwa kwake: hilo halimo katika Wafilipi. Piga 1195, namba ya msaada kwa wanaonyanyaswa hapa Kenya, ni bure. Mengine tutayaombea ukiwa salama.

*

Mzee wa Dagoretti:

Wanangu, nimesomewa haya na mjukuu, naye ndiye anaandika. Nimeoa miaka 41. Mke wangu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani, mimi nikiimba nyuma kwa sauti ya mbuzi. Mwaka wa tatu huu alipatwa na kiharusi, mdomo ukakataa maneno.

Ujana wangu niliupenda sana ule mstari wa wake kutii, 1 Petro 3:1. Sikujua kwamba Petro hakuishia pale. Mstari wa saba anatugeukia sisi: kaeni na wake zenu kwa akili, kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe. Mimi niliomba miaka mingi nikiwa nimezuiliwa na sikujua, kwa sababu sikuwa nakaa naye kwa akili. Nilikuwa nakaa naye tu.

Sasa namwosha uso, nampaka mafuta, namchana nywele. Kusuka nimeshindwa, binti anakuja Jumamosi. Halafu naimba mimi, yeye ananishika kidole. Nikikosea ubeti ananifinya. Jana nilikosea makusudi.

*

Mwenye uzi:

Mzee, umeniliza nikiwa kwenye foleni ya maji na mtungi mkononi. Majirani wanauliza kuna nini.

Nimemwomba msamaha mume wangu kwa ule mshusho wa pumzi wa City Stadium. Nilidhani labda hakuusikia, kwamba yale maombi yalimjia tu. Akasema, "Niliusikia. Na makanga aliusikia." Kisha akaniuliza kama ni kweli nautaka ule mti wa maembe. Nikamwambia ni geti ndilo lililoniuma. Ijumaa nilipotoka kazini nilikuta mche wa mwembe kwenye debe la rangi pale kibarazani, na mwenye nyumba ameshauliza mara mbili ni wa nani.