Tupeane uzoefu: maji yakikata njia ya shule na zahanati, kwenu mlimbana nani mpaka akasikia?

Mwanzisha mada, Ruvuma

Habari za jioni, wakuu.

Kijijini kwetu shule ya msingi iko ng'ambo ya mto ambao kiangazi mtoto anauvuka bila kulowa magoti. Januari kalavati lilisombwa usiku mmoja. Watoto wa vitongoji viwili walikaa nyumbani siku tisa za masomo, wa kwangu akiwemo, naye yuko darasa la nne, mwaka wa mtihani wa upimaji. Siku ya sita tulimvusha mama mjamzito kwa machela, wanaume wanne, maji kifuani. Nilishika mpini wa nyuma upande wa kulia. Alijifungua salama, lakini mvua ikinguruma usiku bado nakumbuka uzito ule ulivyonihamia tulipofika katikati.

Tulipoanza kuuliza tukaambiwa barabara ina ofisi yake, watoto ni wa idara ya elimu, mgonjwa ni wa idara ya afya, mafuriko ni ya kamati ya maafa. Maji yalikuwa yale yale, sisi tukawa tunazunguka milango minne. Diwani wetu ni msikivu, ila alituambia wazi kwamba greda haliko mikononi mwake.

Sikuja kumtukana mtu. Nataka kujua ninyi mlifanya nini kikaleta matunda, na nini kilikuwa kupoteza muda. Mliopitia haya, karibuni.

Mwalimu, Katavi

Pole sana, mkuu. Mimi nafundisha shule ambayo nusu ya wanafunzi wanatoka ng'ambo ya mto, kwa hiyo habari yako naijua.

Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa naandika mtoto hayupo, basi. Mwisho wa muhula shule yetu inasomeka kama ya watoto watoro na wazazi wasiojali. Mwaka wa tatu nikaanza kuandika pembeni mwa daftari la mahudhurio, kwa kalamu nyekundu, neno moja: mto. Kila mtoto aliyekosa kwa sababu ya maji, na kila siku yake. Machi ilipoisha, ukurasa wa darasa la pili ulikuwa mwekundu upande mzima.

Mwalimu mkuu akalipeleka daftari kwenye kamati ya shule, mwenyekiti wa kamati akaenda nalo Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani hakuomba daraja kwa hotuba. Alisoma siku moja baada ya nyingine. Wenyeviti wa vijiji jirani, ambao kila mmoja alikuja kuombea barabara yake, walinyamaza. Hoja ikaingia kwenye taarifa ya kata iliyosomwa baraza la madiwani.

Haikuwa haraka. Ulipita msimu mzima wa mvua. Lakini kivuko cha miguu kipo sasa, cha mbao na nyaya za chuma, na mwaka huu kalamu nyekundu nimeitumia mara nne tu.

Dereva bodaboda, bonde la Kilombero

Mwalimu, hiyo ya kalamu nyekundu nimeipenda sana.

Mimi nina la upande wa wagonjwa. Tuna m-mama, ile namba 115 ya kumpigia mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura. Inasaidia, sitasema vinginevyo. Unapiga bila malipo, wanatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo wanamtuma dereva wa kawaida aliyesajiliwa. Tatizo letu lilikuwa kwamba gari likitoka mjini linakuja mpaka kwenye korongo na kusimama. Huku mama yuko kilomita kadhaa ndani, na anayepiga simu hajui aseme gari lingoje wapi. Usiku mmoja dereva alikuwa kwenye korongo la juu, sisi tuko korongo la chini, tunaangaliana kwa taa.

Baada ya usiku ule tuliitisha kikao kijiweni, madereva na mhudumu wa afya wa kijiji. Tukachagua sehemu mbili tu za kukutania, moja ya kiangazi na moja ya masika, zenye majina ambayo hata mgeni akiuliza njiani ataelekezwa. Tukaandika na nani yuko zamu wiki gani. Mtendaji wa kijiji akabandika kwenye ubao wa matangazo na nakala moja ikaenda zahanati. Hatukusubiri bajeti ya mtu.

Ila jamani, karatasi ile haijazi korongo. Bado tunalidai.

Mama wa watoto watatu, Rufiji

Nyie mnazungumzia njia ya kwenda shule. Sisi mafuriko ya Aprili 2024 shule yenyewe ndiyo ilikuwa kimbilio letu. Nililala darasani na wanangu na nashukuru kwamba jengo lilikuwepo.

Lakini hakuna aliyekuwa amepanga. Kila aliyefika aliingia mlango uliokuwa wazi. Madawati yaligeuzwa vitanda, vyoo vya watoto vikatumiwa na kijiji kizima mpaka vikajaa. Maji yalipopungua na sisi kuanza kutoka, masomo hayakuweza kuanza. Tulikuwa tumejiokoa kwa kutumia kitu cha watoto wetu, na hakuna fungu lililotengwa la kukirudisha kilivyokuwa.

Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama nikasema sheria ya maafa ya 2022 imeweka kamati mpaka ngazi ya kijiji, sasa ya kwetu ni akina nani? Watu waliangaliana. Majina yalikuwepo kwenye faili, na wawili kati yao hawakujua kwamba wamo! Tukachagua upya palepale. Kazi ya kwanza tuliyowapa ni kusema madarasa yapi yatapokea watu na yapi hayaguswi, ya darasa la saba kwanza, na vyoo vya dharura vichimbwe wapi. Akina mama tulisisitiza hilo la vyoo.

Diwani mstaafu, Nyanda za Juu Kusini

Nimewasoma wote, wanangu. Niliketi barazani vipindi viwili, ngojeni niwaeleze mlango uko wapi.

Huyo diwani aliyesema greda haliko mikononi mwake hakudanganya. Zamani halmashauri ilikuwa na mhandisi wake na fungu lake la barabara. Mwaka 2017 ikaanzishwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, ikachukua barabara za wilaya. TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, wao wana barabara kuu na za mikoa. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara za TARURA, kwa hiyo hata wewe wa bodaboda unachangia kila unapojaza tangi.

Lakini fedha kutopita halmashauri hakumwondolei diwani kazi ya kuuliza. Meneja wa TARURA wa wilaya huja barazani na taarifa yake. Hapo ndipo pa kumuuliza kwa jina la barabara na jina la mto. Diwani anayesema tu "barabara zetu mbovu" anajibiwa "tumepokea," na kikao kinaendelea.

Mwanzisha mada, kabla hujafanya lolote, uliza kama barabara yenu imo kwenye orodha ya zinazohudumiwa. Njia nyingi za vijijini tulizilima wenyewe kwa majembe na hazikuwahi kuandikishwa. Kama haimo, mtaandika barua mpaka wajukuu, maana hakuna pa kuwekea hata shilingi moja. Kuiingiza huanzia kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji, kisha kata.

Na angalieni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Hoja ikifika mnalia Februari, maji yako kifuani, bajeti inayofuata inakaribia kufungwa. Hoja ya mvua ipelekwe kiangazi, wakati hakuna anayeikumbuka. Mimi mwenyewe nilichelewa hivyo kipindi changu cha kwanza, na kijiji kimoja kikasubiri mwaka mzima kwa ajili yangu. Linaniuma hadi leo.

Mtendaji wa kijiji (mkoa nahifadhi)

Shikamoo mzee. Yote uliyosema ni kweli.

Naomba mtuelewe na sisi. Naitisha mkutano wa robo mwaka, wanakuja wazee na watoto wanaocheza pembeni. Hoja ya daraja naiandika, lakini muhtasari wenye mahudhurio ya watu wachache ukifika juu haubebi uzito. Siku ya kugawa mbolea ya ruzuku uwanja unajaa. Njooni na siku ya muhtasari, na ombeni usomwe kabla ya kufungwa. Kuna hoja zinazosemwa na kushangiliwa, kisha haziandikwi, na si kila mara kwa nia mbaya.

Mkulima, Lindi

Sisi tulifanya hayo yote. Muhtasari, picha, taarifa ya kata. Miaka mitatu. Kalavati lililetwa, likawekwa dogo kuliko mto, likaondoka na mvua za kwanza. Hakuna aliyetuuliza wazee maji hufika wapi, wakati alama tunayo kwenye mwembe.

Diwani mstaafu

Mwanangu wa Lindi, hilo ni kosa la siku ya kukabidhi mradi. Mwenyekiti wa kijiji na diwani wawepo siku mhandisi anapima na siku mkandarasi anapokabidhi. Huo mwembe upigwe picha, mtu asimame pembeni yake ili urefu uonekane.

Mwanzisha mada, Ruvuma

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Leo nilikwenda ofisi ya kata kuuliza la orodha. Barabara yetu imo mpaka kwenye kitongoji cha pili. Kipande cha mto mpaka shuleni, kama kilomita moja na nusu hivi, hakimo. Miaka yote tulikuwa tunadai kitu ambacho kwenye karatasi hakipo.

Mwalimu mkuu amekubali kutoa nakala ya mahudhurio ya Januari. Hakuna wekundu, lakini siku tisa zinaonekana zenyewe, vitongoji viwili vitupu. Mama aliyevushwa amesema atakuja mkutanoni na mtoto wake. Mkutano wa kijiji ni Alhamisi saa nne asubuhi, na vijana wa machela wote wanne tumeahidiana kukaa mpaka muhtasari usomwe.