Naomba ushauri: uzito wa koltani haulingani na lebo

Wakuu, habari za kazi. Naombeni msaada kabla mzigo haujapakiwa melini.

Ni kontena moja la koltani (mchanga wa madini yenye metali ya tantalamu), transiti kupitia bandari ya Dar es Salaam. Cheti cha ICGLR (jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu; cheti cha kuonyesha madini hayafadhili vita) kipo na namba ya loti inalingana na mapipa. Shida ni uzito: lebo za magunia kutoka mgodini zinajumlisha kilo 18,240, mapipa yana kilo 19,600 bila uzito wa pipa. Mchanga ukioshwa na kukaushwa hupungua, hauongezeki! Ziada imetoka wapi? Rubaya, eneo la machimbo ya koltani kule Masisi, mashariki mwa Kongo (DRC), iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Aprili 2024, na mali ya huko huvushwa mpaka na kuchanganywa na ya migodi halali. Ikishachanganywa, kipimo cha asilimia ya tantalamu hakisemi imetoka shimo gani. Sitaki kupitisha mzigo unaonunua risasi.

Tumepima mara mbili, mizani imehakikiwa. Nimedai daftari la mapokezi ya magunia, nikaletewa cheti kilekile.

Zaidi ya daftari hilo, nidai hati gani iliyo ngumu kughushi? Na taarifa ianzie Forodha au Tume ya Madini?