Pweza kama kandambili kwenye hoteli ya kifahari Unguja. Mngerudisha sahani?

Mwalimu_wa_Moro:
Wakuu, heshima mbele. Nina swali moja ila lazima nianze na mkasa.

Mwezi uliopita mimi na mke wangu tulitimiza miaka 10 ya ndoa. Nilidunduliza posho ya kusahihisha mitihani, tukapanda boti kwenda Unguja, siku nne. Usiku wa tatu nikasema leo hatuli barabarani. Nikaweka nafasi kwenye hoteli moja kubwa ya Mji Mkongwe (jina naliacha), mezani vitambaa vyeupe, juu ya paa, glasi tatu kwa mtu mmoja. Mandhari siwezi kuyasingizia: majahazi yanarudi, nusu mwezi juu ya bahari, adhana ya isha inapokezana msikiti hadi msikiti. Mama Neema kavaa gauni la harusi ya mdogo wake.

Menyu kwa dola. Pweza wa nazi "aliyevuliwa leo Jambiani" 24, kamba wa kuchoma 32, juisi mbili za 6 kila moja, maji 5. Nikapiga hesabu kichwani, mate yakakauka, nikasema potelea mbali.

Tulikaa saa 1 jioni, chakula kikaja saa 2 na dakika 40. Wazungu wawili waliofika nyuma yetu walikuwa wanamalizia aiskrimu. Sahani kama ungo, pweza vipande vitano, nilivihesabu. Nikatafuna. Nikatafuna tena. Kandambili! Mke wangu mtu wa Tanga, anakuna nazi tangu ana miaka sita. Alionja mchuzi mara moja, akaweka kijiko chini taratibu: "Tui la kopo hili, na mdalasini wameuweka wa kufichia." Kamba wake walikuwa watatu, katikati baridi.

Mhudumu akapita: "Kila kitu kiko sawa?" Nami, ninayenyamazisha darasa la watoto 60 bila kiboko, nikajibu, "Safi kabisa, ahsante." Mke wangu akaniangalia tu.

Bili ilipokuja, 73 yangu ya kichwani imekuwa 92 kwa kodi na huduma, na dola wameihesabu 2,700 wakati benki siku ile haikufika 2,600. Karibu laki mbili na nusu. Nikalipa, na bakshishi nikaacha.

Swali: kwenye sehemu kama zile sahani inarudishwaje bila kuonekana mshamba? Au ukishakalia kitambaa cheupe umekubali yote?

Trei_Mkononi:
Pole mkuu. Nimebeba trei hoteli za Nungwi miaka saba. Kilichokuponza ni hilo neno "safi". Mhudumu anayepita dakika mbili baada ya kuweka sahani hajaja kusalimia, anakupa nafasi ya kusema. Onja mara mbili, ishia hapo hapo. Usigombe. "Kaka, pweza huyu mgumu, naomba nibadilishiwe." Jikoni watanuna, basi. Wageni wa nje wanarudisha kila siku, tena kwa vituko. Mmoja alirudisha samaki aina ya changu kwa sababu ana kichwa. Ila ukishakula nusu, supavaiza hana la kumwambia mpishi, sahani inaonekana imeliwa. Siku nyingine angalia pia alama mbili za kujumlisha pembeni ya bei, maana yake kodi na huduma bado hazijaingia.

Bint_Kikwajuni:
Yakhe mwalimu, jibu la pweza umelitoa mwenyewe na hujalijua. Umesema nusu mwezi. Nusu mwezi ni maji mafu! Kina mama wa Jambiani hutoka kuchokoa pweza kwenye bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakipwa mpaka mwambani. Maji mafu hayapwi vya kutosha, pweza huwa wa kutafuta kwa tochi. Huyo "wa leo" mie namwona katoka kwenye friza.

Wala friza si aibu, barafu humlainisha pweza kama vile kumpiga. Wako ameponzwa na haraka. Pweza anataka moto mdogo na subira, na chumvi umtie mwishoni. Hao wamemchemsha nusu nusu, ulipoagiza wakampasha moto.

Na wasije watu wakakwambia "ungekwenda Forodhani", kwenye vyakula vya usiku. Forodhani napo uulize bei kabla hujanyoosha mkono, na ile mishikaki ya samaki uitazame vizuri, mingine imeshaona jioni mbili.

Kibubu_cha_Mbao:
Hapo kwenye dola: kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni. Ungeuliza bei ya shilingi kabla ya kuagiza, hiyo 2,700 ungeiona mapema. Halafu bakshishi ya nini, mwalimu? Posho ijayo mpe Mama Neema ashike.

Mwalimu_wa_Moro:
Kibubu, Mama Neema amesoma ulichoandika, na ameshasema posho anashika yeye.

Kuna kipande niliwaficha. Tulitoka pale na njaa. Saa 4 usiku tukamkuta mama mmoja uchochoroni na sufuria la urojo, bakuli shilingi 3,000, kachori, bhajia, chipsi za muhogo juu. Mama Neema alikula amesimama, na gauni lake lile, akaongeza bakuli la pili. Ukwaju ukamdondokea kifuani. Nimelifua lile doa mara tatu, mimi mwenyewe, halijatoka.

Mwakani anataka twende kwa mama yake Tanga, na amesema nazi nitakuna mimi. Bint Kikwajuni, nifundishe kuhesabu hiyo bamvua, nipange likizo nayo.