Boti mbili Bukavu: iliyolala au iliyofanya kazi?

Mwana wa Nguba: Wandugu, natafuta boti ya familia ya kutembea Ziwa Kivu. Nimeona mbili, zote za faiba, zote na mota ya Yamaha ya nguvu farasi 40. Moja imelala kwenye bustani ya mzee mmoja mtaa wa Muhumba, haikutumika sana, inang'aa. Nyingine inapeleka watu kisiwa cha Idjwi kila siku, rangi imechakaa. Bei zinakaribiana. Mngechukua ipi?

Fundi wa Kituku: Ndugu, imelala miaka mingapi? Tangi la petroli lilimwagwa kabla ya kulazwa? Na mota ni za mipigo miwili, zile za kuchanganya oili na petroli, au minne? Bila hayo tutabahatisha tu.

Mama Idjwi: Chukua ya kazi. Inayotembea kila siku, ugonjwa wake unaonekana.

Mwana wa Nguba: Zote mipigo miwili. Ya Muhumba imelala miaka mitano. Ya tangi sikuuliza.

Papa Kalehe: Mwanangu, mimi nilinunua iliyolala namna hiyo. Pale ufukweni iliwaka mara moja, nikalipa. Jumapili nikapakia watoto. Tulipofika mbele ya Katana, ule mkojo wa maji ya kupoza unaotoka nyuma ya mota ukawa uzi, kisha mvuke mtupu. Nikazima. Upepo wa alasiri ulishaanza. Walitukokota wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wale wa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, tukafika giza limeingia, mtoto wangu wa mwisho ametapika hadi amelegea. Fundi alipofungua pampu ya maji, mpira wa ndani ulikuwa mgumu kama ukwato, mabawa mawili yamekatika. Akalegeza skrubu ya chini ya gia: oili ikatoka rangi ya chai ya maziwa. Uzi wa wavu ulijizungusha nyuma ya helisi, ile propela, ukakata sili, mpira unaozuia maji, yakaingia. Skrubu ile moja ingenionya kabla sijatoa dola.

Kivu Bleu: Ndiyo maana nasema mipigo minne! Inakunywa kidogo, haina moshi.

Fundi wa Kituku: Ikikufia Minova nani ataifungua? Ya mipigo miwili kila fundi wa ziwa anaijua.

Kivu Bleu: Ziwa liko mita 1,460 juu ya bahari, hewa nyepesi. 40 yako haitoi 40 hapa, na bado unaichomea oili.

Fundi wa Kituku: Hewa nyepesi inazipunguza nguvu zote mbili. Funga helisi ya hatua fupi, inayosogea kidogo kila mzunguko. Mwana wa Nguba, pima kompresheni, yaani mgandamizo, ya kila silinda, tofauti isizidi asilimia 10. Kisha shika mguu wa mota, uinue na kuushusha. Ubao wa nyuma unaobeba mota ukicheza, umeoza ndani, rangi isikudanganye. Na uikute mota baridi. Muuzaji akiipasha moto kabla hujafika, kuna anachoficha.

Mama Idjwi: Ile ya kazi nayo ipimwe vilevile, sikatai.

Mwana wa Nguba: Aksanti sana, Papa, pole kwa watoto. Jumamosi naenda na fundi. Nimemwomba mzee asiiwashe. Amenijibu hataweza hata akitaka, betri imekufa, anatafuta ya kuazima.

Papa Kalehe: Beba yako. Na skrubu ya gia uifungue wewe mwenyewe.